Kumpeleka Mama Bombei

Tangu nirudi, kila nikienda kisimani au nikitoka kanisani nasimamishwa njiani. "Damari, hebu tuambie." Nikieleza huku, kule nalaumiwa kwamba nimeruka. Basi nimekaa kitako niandike yote kwa pamoja, kwa ajili yenu dada zangu wa Changamwe na jamaa zetu wa Rabai. Ajuaye kusoma amsomee asiyejua.

Habari za kutafuta pasi na tiketi siandiki. Zilinichosha kuzifanya na zitawachosha kuzisikia. Itoshe kusema gharama alizibeba Bwana Premji, yule mwenye duka la nguo Makupa. Mama alimlea tangu hajaota meno, na mpaka leo, mtu mzima mwenye tumbo lake, anamwita "Ba", yaani mama kwa Kigujarati. Alipoona mtoto wa jicho amemfunga Ba wake macho yote mawili, na madaktari wa hapa wamesita, alisema yuko daktari Bombei. Mama akasema, "Nikifa huko, msinirudishe. Mtaingia taabu bure."

Kutoka nyumbani hadi melini

Tuliondoka Changamwe asubuhi, mama akiwa kavaa gauni lake la Pasaka na leso mbili juu. Tulipofika gatini Kilindini nilisimama nikashindwa kuendelea. Meli nimeziona maisha yangu yote, lakini kwa mbali, kutoka ng'ambo. Kuisogelea ni jambo jingine. Ukuta wa chuma ulipanda mpaka shingo ikaniuma kuutazama, na watu waliokuwa juu walionekana kama ndege waliotua kwenye paa.

"Mbona umesimama?" mama akauliza.

"Meli, mama."

"Kubwa?"

"Sijui nikwambie nini. Ni mtaa mzima uliosimamishwa."

Akanyoosha mkono, akagusa ule ukuta, akaubandika kiganja. "Inatetemeka," akasema. "Kama ng'ombe anayesubiri kukamuliwa." Hapo ndipo nilipotambua kwamba safari hii nitaisafiri mara mbili, kwa macho yangu na kwa maswali yake.

Sisi tulikuwa abiria wa sitaha. Unapewa mahali pa kutandika mkeka chini ya turubai, na jirani yako ndiye ukuta wako. Ushauri wa kwanza, yeyote atakayesafiri hivyo: panda mapema, utandike katikati ya meli, wala si mbele. Mbele ndiko kunakoruka.

Baharini

Jirani yetu alikuwa Bi Mwanaisha wa Kisauni, mama wa makamo, anakwenda Bombei kumwona binti yake aliyeolewa huko. Alikuwa ameshakwenda mara nyingi na alijua kila pembe ya ile meli. Alimtazama mama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mato yake yana nini?"

"Mtoto wa jicho," mama akajibu mwenyewe. "Masikio hayana kitu."

Bi Mwanaisha akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo wakawa marafiki.

Siku ya kwanza niliona aibu ya chakula. Wa sitaha wanapata chakula kwa mafungu, kuna jiko la Wahindu na jiko la Waislamu. Mpishi akaniuliza, "Nyinyi wa jiko gani?" Nikamwambia sisi ni Wakristo. Akakuna kichwa. Akatupeleka jiko la Wahindu, nao wakauliza kama tunakula nyama. Nikasema ndiyo. Wakaturudisha. Huku nako mzee mmoja akataka kujua kama tunakula nguruwe. Nilisimama kati ya majiko mawili na sahani tupu, mpaka Bi Mwanaisha akaja amefura kwa hasira.

"Huyu kipofu atakufa kwa njaa mkiwa mnafanya mjadala? Wageni wangu hawa. Wanakula kwangu."

Tukala kwake mpaka mwisho wa safari. Wali na samaki wa chumvi, chapati, na achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Bahari ilipochafuka alimpa mama tangawizi mbichi atafune, akanikataza nisimpe chochote chenye mafuta. "Na wewe usitazame chini. Tazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Pale hapayumbi." Nilifanya hivyo na kichefuchefu kikanipungua.

Lakini kutazama mbali huko ndiko kulikonishika. Dada zangu, sisi tumezoea bahari yenye ukingo. Kuna mikoko huku, kisiwa kule. Huko hakuna kitu. Unazunguka mzima mzima, maji tu, na wewe uko katikati ya duara siku baada ya siku, kana kwamba meli haisogei. Nilihisi udogo ambao haukuniumiza. Asubuhi moja samaki wenye mbawa waliruka kundi zima kutoka majini, wakapaa, wakang'aa, wakazama. Nikamweleza mama. Akasema, "Eleza tena. Polepole."

Kizuizi cha Bombei

Tulipokaribia gati, madaktari wa serikali ya huko walipanda melini kutukagua. Tulipangwa mstari. Daktari kijana alitazama vyeti vya chanjo ya ndui, akatazama ndimi zetu, kisha akaliinua kope la mama kwa kidole. Akarudi nyuma.

"Macho haya yana ugonjwa wa kuambukiza," akaniambia kwa Kiingereza. "Hashuki. Atarudi na meli hii."

Kiingereza changu ni cha shule ya misheni, na siku ile kilinikimbia chote. Barua ya daktari wa Mombasa, iliyoeleza ugonjwa wa mama kwa jina lake, ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa chini, tumboni mwa meli. Nilisema "tafadhali" mara nyingi mno. Akaendelea na watu wengine. Tukakalishwa kwenye benchi pembeni, na nikamwona Bi Mwanaisha akisukumwa na umati kuelekea ngazini huku akigeuka geuka kututafuta.

Wasaidizi wawili walikuwa wamesimama karibu yetu wakizungumza Kigujarati. Mimi sikuelewa. Mama aliniambia baadaye. Mmoja alisema, "Masikini kizee, kavuka bahari yote kuja kurudishwa." Wa pili akasema, "Na huyu binti sasa hivi ataanza kulia."

Mama akainua uso. Kwa Kigujarati kile alichokizungumza jikoni kwa kina Premji miaka thelathini, akasema, "Binti yangu halii ovyo. Na ukitaka kumsema mtu mzima, kwanza mwamkie."

Wale vijana waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Mmoja aliinama papo hapo akagusa miguu yake. "Ba, umejifunzia wapi lugha yetu?"

"Kwa mtoto mmoja mnene aliyekataa uji," mama akajibu. Akawaeleza macho yake yalivyoanza, jicho la kulia kwanza, ukungu kisha moshi, bila maumivu, bila usaha. Yule kijana alimsikiliza, akaondoka mbio. Alirudi na daktari mkubwa, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe. Yeye alichuchumaa mbele ya benchi, akammulika mama kwa kurunzi ndogo, huku na huku. Haikuchukua muda.

"Mtoto wa jicho," akasema. "Safi kabisa. Mteremsheni."

Basi shikeni neno hili: karatasi yoyote inayohusu mwili wako usiitie sandukuni. Ifunge kwenye leso, uifunge leso kiunoni.

Hospitali

Dada yake Premji, jina lake Kasturi, alitupokea nyumbani kwake. Mji wenyewe sina nguvu ya kuueleza. Kuna magari ya umeme yanayopita juu ya reli katikati ya watu, na watu hawaishi, kama siafu mvua inaponyesha. Mama alinishika mkono kwa nguvu tangu gatini mpaka mlangoni. "Hawa wote wanakwenda wapi?" akauliza. Hata mimi nilitaka kujua.

Daktari wa macho hakutudanganya. Alisema jicho la kushoto limechelewa, halina tumaini. La kulia atalijaribu. Lakini baada ya kulipasua lazima mama alale chali bila kugeuza kichwa, asikohoe, asicheke, asilie. Jeraha likifunguka, basi.

Walimlaza na mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, bendeji juu ya macho yote mawili. Nilikaa kando yake siku hizo zote nikimlisha uji wa maji kwa kijiko. Kukohoa kulimjia mara moja. Nikaona kifua kikipanda, na nesi naye akaona, tukasimama wote wawili kama tumegandishwa. Mama akameza, akameza tena, machozi ya kubana yakamtoka chini ya bendeji. Kikohozi kikapita. Sijawahi kumwona mtu akipigana vita hivyo, tena bila kuinua hata kidole.

Siku ya kufungua, daktari alifunga madirisha chumba kikawa na giza kidogo. Akafungua bendeji mzunguko mmoja mmoja. Mama alikuwa kafumba.

"Mwambie afumbue," daktari akasema.

Akafumbua. Wakamvika miwani mizito ya kujaribia, vioo vyake vinene kama chini ya chupa. Alitazama mbele. Kisha mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama."

"Damari?" Akasogea. "Mbona una mvi?"

Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nesi akapiga ukelele, "Asilie! Mwambie asilie!" Mama akaubana mdomo, akanipa ishara kwa mkono, kama anayesema lia wewe. Nililia kwa ajili yetu sote wawili. Yeye alikuwa akitazama dirisha, pale mwanga ulipopenya kwenye ufa. "Kila kitu kina rangi ya samawati," akasema. "Kilikuwa hivyo tangu zamani, au nilisahau?"

Hewani hadi Adeni

Wakati wa kurudi, upepo wa kusi ulikuwa umeshika na bahari imechafuka vibaya. Daktari alimkataza mama katakata asipande meli. Kutapika tu kungeweza kumharibia jicho. Premji alipopata habari alijibu kwa simu ya maandishi, maneno machache: Ba aje na eropleni.

Nilimtazama mama. Mama alikuwa akitazama kunguru. Tangu apate jicho alikuwa hachoki kutazama chochote. "Kama kunguru anaweza," akasema.

Ndani ya ndege tulipewa peremende za kufyonza, na pamba ya masikio. Msizidharau. Ndege inapopanda, masikio yanaziba na kuuma, na dawa yake ni kumeza mate. Chukueni na shuka nzito, kwa kuwa huko juu ni baridi ya kweli hata kama chini kuna jua kali. Chakula kililetwa ndani ya kisanduku. Mama alikifungua, akanusa kipande cha jibini, akaninong'oneza, "Damari, wametupa sabuni." Nikamwambia ni maziwa yaliyogandishwa. Akaonja kwa adabu, akairudisha kisandukuni. "Ni sabuni," akasema.

Nilimwachia yeye dirisha. Mwanzo kulikuwa na ukungu tu, na ndege ikitikisika, nikaomba dua zote nilizofundishwa. Kisha tukatokea juu. Sikujua kama mawingu yana upande wa juu. Yalitandazwa chini yetu, meupe, yana milima na mabonde, na jua limeyawakia yote bila kivuli cha mtu wala mti. Mama aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Halafu akasema polepole, "Mvua ikinyesha Changamwe, tukilalamika, huku juu huwa hivi?"

"Nafikiri, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akatikisa kichwa. "Na hakuna aliyetuambia."

Adeni ndege iliharibika injini, tukaambiwa tutangoja huko mpaka itengenezwe. Joto lilitupokea mlangoni kama la tanuri. Ili tutoke kiwanjani kwenda nyumba ya wageni, ilibidi tukaguliwe pasi. Mara hii nilijiona mjanja. Barua ya daktari wa Mombasa ilikuwa kiunoni mwangu, nikaifungua kwa fahari nikaiweka mezani kabla sijaombwa.

Afisa wa pasi alikuwa Mwarabu, kijana mwenye ndevu fupi. Aliisoma barua, akasoma pasi, akamtazama mama. Kumbe alikijua Kiswahili, baba yake aliwahi kuwa na duka Mombasa.

"Barua inasema kipofu. Pasi pia inasema kipofu. Huyu kipofu gani anaitazama kofia yangu?"

"Nimeitazama kwa sababu ina vumbi," mama akasema.

Yule kijana hakucheka. Akaniambia wako watu wanaosafiria pasi za waliokufa, na kwamba Raheli wa kwenye pasi ya mama na huyu hawafanani. Nikakumbuka cheti cha hospitali ya Bombei. Kilikuwa sandukuni. Nilidhani ugonjwa umekwisha, nani atakitaka tena? Na sanduku limebaki ndani ya ndege mbovu. Niliona tumekwama katika nchi ambayo hatuna hata mtu mmoja wa kutujua.

Mama akavua miwani, akaiweka mezani juu ya ile barua.

"Sasa wewe ni moshi," akamwambia. "Moshi mweupe wenye moshi mweusi kidevuni. Hivyo ndivyo ningekuona, kama nisingeletewa vioo hivi. Njoo utazame."

Kijana akasita. Kisha akainuka, akazunguka meza, akainama mbele ya uso wa mama. Jicho lililopasuliwa, mboni yake si duara tena. Ina mkato upande wa juu, inafanana na tundu la ufunguo. Jicho la kushoto bado lilikuwa jeupe kama zamani. Alitazama moja, akatazama jingine. Akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Lilikuwa kama hili?" akauliza, akionyesha la kushoto.

"Kama hili hili."

Sauti yake ikabadilika. "Mama yangu yuko Shihiri. Macho yake ni hivi. Nikienda nyumbani ananishika kichwa ili ajue kama nimekonda." Akaichukua miwani, akaipangusa kwa shati lake, akamvika mama mwenyewe, kwa uangalifu, sikio moja kisha la pili. "Niambie hospitali gani. Niambie polepole, niandike."

Nikamwambia kila kitu: hospitali, mlango wa kuingilia, jinsi ya kulala, tangawizi ya melini. Aligonga mihuri. Jioni alituletea mkate mpana wa moto na samaki wa kuchoma kwenye sinia, na kila siku tuliyongoja pale alikuja kukaa na mama amuulize jambo jingine. Tulipoondoka alisimama kiwanjani mpaka mlango wa ndege ukafungwa.

Kwa hiyo naongeza kwenye ushauri wangu: mwili wako ukibadilika ugenini, rudi na karatasi inayosema hivyo, na uishike mkononi.

Kutoka Nairobi hadi Port Reitz

Nairobi tulilala kwa jamaa wa Premji, tukatetemeka kwa baridi, tukapanda ndege ndogo kuja pwani. Rubani alitugeukia akaonyesha upande wa kulia. Kilimanjaro ilikuwa imetoka juu ya mawingu, peke yake, na theluji yake. Abiria wote walinyamaza, hata wale waliokuwa wakivuta sigara na kupiga porojo. Mama alivua leso ya kichwani kama mwanamume anavyovua kofia kanisani.

Halafu nyika ikapita, kavu, ndefu, kisha minazi ya kwanza, kisha ule mkono wa bahari unaoingia bara pale Port Reitz, wenye mikoko ukingoni. Nimeishi hapo tangu nizaliwe na sikujua kuwa maji yetu yana rangi nyingi hivyo. Mama alizihesabu kwa kidole, akachanganyikiwa, akaanza tena.

Mume wangu Yona alikuwa anangoja kiwanjani pamoja na watoto. Sasa jueni kwamba watoto wangu watatu wote walizaliwa baada ya mama kufungwa macho. Amewaogesha, amewabeba mgongoni, amewaimbia, lakini hajawahi kuwaona. Walipangwa mstari wamevaa nguo safi, wameambiwa wasimsukume nyanya.

Mama alishuka ngazi, akasimama mbele yao. Akatazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaona furaha inafifia usoni mwake. Aliwatazama kama mtu anavyowatazama watoto wa mtaa mwingine. Nao waliona hivyo. Yule mdogo, Tabitha, akajificha nyuma ya baba yake. "Nyanya hanijui," akasema, akaanza kulia.

Nilifungua mdomo nitaje majina, mama akanizuia kwa mkono. Alivua miwani, akanipa. Akapiga magoti pale pale kwenye changarawe, na gauni lake la Pasaka, akafumba macho, akanyoosha mikono mbele.

Tabitha akachungulia. Huyo ndiye nyanya anayemfahamu. Akatoka mbio, akauingiza uso wake kati ya viganja vile. Vidole vikapita kwenye paji la uso, kwenye nyusi, nyuma ya masikio.

"Tabitha wangu."

"Ndimi, nyanya."

"Tulia hivyo hivyo. Usitikisike." Mkono mmoja ukabaki kwenye shavu la mtoto, wa pili akanielekezea. "Damari, nivike miwani."

Nikamvika, naye akafumbua macho.

Kaka zake Tabitha walikuwa wameshapiga magoti nyuma yake, wamefumba macho, wanangoja zamu.